Bure na Huria: Historia ya Programu za Slaidi Zisizouzwa

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi watu walivyotafuta, kwa muda wa miaka arobaini hivi, programu za kompyuta za kuonyeshea slaidi ambazo hazikuwa mali ya mfanyabiashara. Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini jarida la lugha. Lahusu kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi ni nadra mwanachuoni kusimama mbele ya wenzake bila ya slaidi nyuma yake, na mengi aliyoyakusanya, kama vile mifano ya sarufi, picha za miswada na majedwali ya sauti, aghalabu hayakuandikwa popote pengine ila katika slaidi hizo. Pili, habari yenyewe tangu mwanzo imefungamana na mzozo wa neno moja, na katika mzozo huo Kiswahili kina la kusema.

Tuanze na neno. Katika mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza mradi aliouita GNU, wa kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchungua, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1985 akaanzisha shirika la kuulinda mradi huo. Sifa aliyoipa programu ya namna hiyo ni neno la Kiingereza lenye maana mbili zisizohusiana sana: kitu kisicholipiwa, na mtu au kitu kisichofungwa. Yeye alikusudia maana ya pili, na watu wakasikia ya kwanza. Tangu hapo amekuwa hachoki kueleza. Katika mwaka 1998 watu wengine, wakichoshwa na maelezo hayo, walibuni jina jingine linalotaja uwazi wa chanzo cha programu badala ya uhuru wa mtumiaji. Na wengine wakaazima neno la Kifaransa na Kihispania, *libre*, ambalo tutalikuta tena mbele.

Mswahili hana taabu hiyo. Analo neno bure, analo huru, na kutokana na mzizi uo huo wa Kiarabu analo huria, tunalolisikia katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992. Tena bure lina upande wake wa pili. Ukisema "amekwenda bure", yamkini hakulipa nauli, na yamkini safari haikumfaa kitu. Basi katika makala haya nitaita programu ya bure ile isiyolipiwa tu, na programu huria ile ambayo mtumiaji amepewa haki zile nne. Msomaji ataona kwamba tofauti hii si ya kamusi peke yake.

Taa ya kukuzia picha ukutani ni kitu cha zamani. Mholanzi Christiaan Huygens aliitengeneza mwaka 1659, na kwa zaidi ya karne mbili walimu na wahubiri walionyesha kwa taa za namna hiyo picha zilizochorwa juu ya kioo. Baadaye zikaja filamu za milimita 35 zilizokatwa na kutiwa katika fremu ndogo. Kodak ilianza mwaka 1961 kuuza mashine ya kuzionyeshea yenye sahani ya duara, nayo ikaenea sana vyuoni. Zikaja pia karatasi za plastiki zipitishazo mwanga, ambazo mwalimu aliweza kuziandika kwa kalamu huku akisema. Vyote hivyo viliuzwa, wala havikuwa rahisi. Lakini yafaa kuangalia jambo moja. Fremu ya picha ya milimita 35 ilikuwa na upande wa inchi 2, na kipimo hicho kilikuwa cha watu wote: picha iliyotengenezwa kwa vifaa vya kampuni hii iliingia katika mashine ya kampuni ile bila ya kuomba ruhusa. Slaidi iliyopigwa mwaka 1965 yaonekana hata leo kwa kuinuliwa mbele ya dirisha. Aliyeiuza hakubaki na ufunguo wake.

Ufunguo uliingia pamoja na kompyuta. Robert Gaskins, ambaye alikuwa amesoma isimu na Kiingereza pamoja na elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alijiunga mwaka 1984 na kampuni ndogo iliyoitwa Forethought. Akaandika mpango wa programu ambayo mtu wa ofisini angeitumia kutengeneza mwenyewe kurasa za kuonyesha, pasipo kupeleka kazi kwa mchoraji na kungoja siku kadhaa. Mwandishi mkuu wa programu hiyo alikuwa Dennis Austin. Ilitolewa tarehe 20 Aprili, 1987, kwa kompyuta za Macintosh, kwa jina la PowerPoint. Toleo lile la kwanza halikuwa na rangi, na kazi yake ilikuwa kuchapa kurasa za kugeuzwa karatasi za plastiki. Kompyuta yenyewe haikupelekwa ukumbini. Mwaka uo huo Microsoft ilinunua Forethought kwa dola milioni 14. Mwaka 1990 likatoka toleo la Windows, na programu ikatiwa katika kifurushi kimoja na ile ya kuandikia na ile ya hesabu. Kuanzia hapo haikuhitaji tena kuchaguliwa na mtu: aliyenunua programu ya kuandikia barua alikuwa nayo tayari.

Bei ilikuwa kubwa kwa mwanafunzi, na kubwa zaidi kwa chuo chenye kompyuta mia kadhaa. Hata hivyo naona kwamba wanaoieleza historia hii kwa bei peke yake wanapunguza maana yake. Jambo zito lilikuwa faili. Slaidi za PowerPoint zilihifadhiwa katika muundo ambao maelezo yake kamili hayakuwa wazi kwa umma mpaka Februari 2008. Kwa muda wa miaka ishirini, basi, mtu aliyetunga mhadhara wake kwa mkono wake alihifadhi kazi hiyo katika sanduku ambalo fundi wake ni mmoja tu. Waliotaka kuunda programu nyingine iwezayo kusoma faili hizo walilazimika kubahatisha, wakilinganisha faili na faili kama wasomao maandishi ya lugha iliyokwisha kufa.

Watu wa kwanza walioepukana na sanduku hilo hawakuwa wakilikimbia. Walikuwa na njia yao tangu zamani. Katika mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipoona jinsi wapiga chapa walivyoharibu sura ya hesabu zake katika chapa mpya ya kitabu chake, aliacha uandishi akaanza kuunda programu ya kupangia chapa. Akaiita TeX, akawapa watu. Leslie Lamport akaijengea juu yake LaTeX katika miaka ya 1980, na ndani yake akatia sehemu ya kutengenezea slaidi. Mtumiaji haoni slaidi wakati anapoandika: anaandika maandishi ya kawaida pamoja na amri, kisha kompyuta inampangia ukurasa. Ni kama kushona kanzu kwa kumwandikia fundi barua. Mwenye kuandika barua vizuri hupata kanzu nzuri kuliko zote, na asiyejua huletewa mikono mitatu.

Kizazi cha pili cha njia hiyo kilitoka Berlin. Till Tantau, aliyekuwa akijiandaa kutetea tasnifu yake ya udaktari mwezi wa Februari 2003, alijiandikia nyongeza ya LaTeX kwa ajili ya slaidi za siku hiyo moja. Wenzake wakaitaka, akaiweka hadharani mwezi uliofuata, na ikaenea katika idara za hesabu, fizikia na isimu za dunia nzima. Jina lake ni Beamer, nalo ni kichekesho kizuri kwa wanaoshughulika na maneno ya mkopo: ndilo neno ambalo Wajerumani hulitumia kwa projekta, nao hulidhani la Kiingereza, hali Waingereza hawalijui kwa maana hiyo. Tokeo la Beamer ni faili ya PDF, muundo ambao Adobe iliutoa mwaka 1993 na ambao mwaka 2008 ulifanywa kanuni ya kimataifa; kwa hiyo slaidi hizo husomeka kwenye kompyuta yoyote pasipo kubadilika hata nukta. Mwaka 2010 Tantau aliwakabidhi wengine kazi ya kuitunza, na programu haikufa kwa kuondokewa na aliyeianzisha.

Kwa wanaisimu na wachunguzi wa miswada njia hii ilikuwa na faida ya peke yake. Fukui Rei wa Tokyo aliiundia LaTeX herufi za fonetiki za kimataifa, zijulikanazo kwa jina la TIPA, katika miaka ya 1990. Na Klaus Lagally wa Stuttgart aliiundia ArabTeX, ya kupangia maandishi ya Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu anayetaka kuonyesha ubeti wa utenzi katika hati ya Kiarabu, na chini yake ubeti uo huo katika hati ya Kilatini, anajua thamani ya kazi kama hizo. Hakuna kampuni iliyoona kwamba watu wa namna hiyo walikuwa wengi kiasi cha kuwafanyia biashara. Waliojisaidia ni wenyewe, na waliweza kwa sababu msingi wa Knuth ulikuwa wazi.

Lakini hapana budi kukiri kwamba njia ya amri haikuwa ya kila mtu. Karani, mwalimu wa sekondari, afisa wa kilimo, wote hao walihitaji programu ya kuonekana kwa macho, yenye kubofya na kuvuta. Historia ya programu hiyo ilianza kwa kijana wa Kijerumani. Marco Börries alikuwa na umri wa miaka 16 alipoanzisha kampuni ya Star Division mjini Lüneburg, mwaka 1985. Kampuni ikauza kifurushi cha ofisi kilichoitwa StarOffice, chenye sehemu ya slaidi ndani yake, na kikapata wateja wengi Ujerumani. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya California iliinunua kampuni hiyo nzima. Simon Phipps, aliyekuwa mtumishi wa Sun, ameeleza baadaye sababu yake kubwa: Sun ilikuwa na watumishi karibu elfu 42, na ilikuwa nafuu kuinunua kampuni kuliko kuwanunulia watu hao wote leseni za Microsoft. Hapa, basi, bei ilikuwa na nguvu yake. Lakini ni bei ya tajiri, si ya maskini.

Sun haikuishia kujitumilia. Tarehe 19 Julai, 2000, ilitangaza kwamba ingetoa hadharani msimbo wa chanzo, yaani maandishi ya amri ambayo kwayo programu imeundwa, na tarehe 13 Oktoba ya mwaka huo ikautoa. Mradi ukaitwa OpenOffice.org, toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2002, na sehemu yake ya slaidi ikaitwa Impress. Sasa mtu asiye na fedha wala elimu ya amri aliweza kutengeneza slaidi kwa programu huria, na kufungua, kwa kadiri fulani, faili alizoletewa na wenye PowerPoint.

Maneno "kwa kadiri fulani" yanahitaji maelezo, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi walipokata tamaa, wakarudi walikotoka wakisema kwamba cha bure ni bure kweli. Slaidi si kama barua. Barua ikizidi mstari mmoja, ukurasa wa pili hupokea. Slaidi ni ukurasa wa kipimo kimoja, na kinachozidi humwagika nje. Sasa, PowerPoint ilipangia maneno kwa fonti zilizouzwa pamoja na Windows. Kompyuta isiyo na fonti hizo huweka nyingine badala yake, na ikiwa herufi za fonti hiyo ya badala ni nene kidogo tu, neno la mwisho wa mstari hushuka, mstari wa mwisho husukumwa chini, na picha iliyokuwa kando ya maneno hufunikwa nayo. Kiswahili kiliumia zaidi ya Kiingereza katika jambo hili. Maneno yetu hubeba kiima, njeo, kirejeshi na yambwa kwa pamoja. Neno kama *alivyowaelekeza* haliingii katika nafasi ndogo iliyobaki, likashuka lote zima. Mwalimu alifika ukumbini na faili yake katika kijiti cha kumbukumbu, akaifungua kwenye kompyuta ya wenyeji, akakuta slaidi zake zimevunjika mbele ya watu.

Dawa ilipatikana kwa njia ambayo si wengi waliifikiria. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti huria zilizoitwa Liberation. Sura za herufi zake ni za kwake, ila upana wa kila herufi ni sawasawa na upana wa herufi ile ile katika Arial, Times New Roman na Courier New. Ukibadilisha moja kwa nyingine, mstari hukatika palepale. Katika mwaka huo huo toleo jipya la Office lilikuwa limekwisha leta fonti nyingine, Calibri, kuwa ya kawaida, na kazi ikalazimika kuanza tena. Mwenzake huria, Carlito, alipatikana mwaka 2013. Nimekaa kidogo katika jambo hili la upana wa herufi kwa sababu naliona lilisaidia programu huria kuliko hotuba nyingi zilizotolewa kwa ajili yake.

Balaa la fonti liliwapata pia wanaisimu, hata waliokuwa wakitumia PowerPoint yenyewe. Katika miaka ya 1990 alama za kifonetiki na alama za toni aghalabu ziliwekwa katika fonti za pekee, kila alama ikikalia mahali pa herufi ya kawaida. Fonti ikikosekana, sauti ya *ng'* iliyoandikwa kifonetiki iligeuka herufi nyingine kabisa au mraba mtupu. Kanuni ya Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, iliipa kila alama namba yake isiyogongana na nyingine, na shirika la SIL likatoa fonti za Doulos na Charis, ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzigawa. Mihadhara iliyotungwa kabla ya hapo kwa fonti za zamani bado imo katika makabati na visanduku vya watu, na ipo ambayo hata mtungaji wake hawezi tena kuisoma ipasavyo.

Kuhusu muundo wa faili, mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 2005 muundo uliotokana na kazi ya OpenOffice.org ulikubaliwa na shirika la OASIS, na mwaka 2006 ukafanywa kanuni ya kimataifa, ISO 26300. Microsoft ikaleta muundo wake mpya, ambao nao ulipitishwa kuwa kanuni mwaka 2008 baada ya ubishi mkali. Mwaka 2009 programu za Microsoft zenyewe zikaanza kufungua muundo wa wapinzani wao. Hapana shaka jambo hilo lisingalitokea kama wapinzani hao wasingalikuwako.

Jaribio kubwa la uhuru huo lilikuja mwaka 2010. Mwezi wa Januari kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun, na pamoja nayo ikapata jina la OpenOffice.org na mamlaka juu ya mradi. Waliokuwa wakijitolea kuandika na kutafsiri wakaingiwa na wasiwasi, wasijue bwana mpya ana nia gani. Tarehe 28 Septemba ya mwaka huo wengi wao waliondoka, wakaunda shirika lao, The Document Foundation, na kwa kuwa jina la zamani lilikuwa mali ya Oracle, wakaiita programu LibreOffice. Ndilo neno lile la kuazima tulilolitaja. Jina lilibaki kwa mnunuzi, lakini msimbo wote waliondoka nao, maana leseni iliwaruhusu. Mwaka 2011, walipotaka kuliandikisha shirika nchini Ujerumani, ilihitajika akiba ya yuro elfu 50, nayo ilichangwa na watumiaji kwa muda wa siku nane. Oracle yenyewe ikaukabidhi mradi wa zamani kwa shirika la Apache mwezi wa Juni 2011, ambako umeendelea polepole mno. Aprili 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, iliamua kuhamishia LibreOffice kompyuta zake elfu 30. Jimbo hilo halikai mbali na Lüneburg, alikoanzia yule kijana.

Wakati mambo hayo yakiendelea, watu wengi walipata slaidi za bure kwa njia nyingine. Google ilianza kuwapa watu programu ya slaidi ndani ya kivinjari mwezi wa Septemba 2007. Hailipiwi, ni nyepesi, na watu wawili walio miji mbalimbali huweza kuandika slaidi moja kwa wakati mmoja, jambo ambalo Impress ya wakati huo haikulifikia. Siwezi kuidharau. Lakini ni ya bure, si huria: msimbo wake haujulikani, na siku ambayo mwenyewe ataiondoa, hakuna atakayeweza kuondoka nayo kama walivyoondoka watu wa mwaka 2010. Kwa Kiingereza maneno haya yangehitaji aya nzima ya ufafanuzi. Kinyume chake zipo programu za slaidi zilizojengwa kwa lugha ya kurasa za intaneti, kama S5 ya Eric Meyer ya mwaka 2004 na reveal.js ya Hakim El Hattab ya mwaka 2011, ambazo nazo hufunguka katika kivinjari na ni huria kabisa, ila zataka mtu asiyeogopa kuandika amri.

Sasa tuje nyumbani. Katika mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na washauri kutoka Uswidi, ilitoa kwa Kiswahili kifurushi cha OpenOffice.org, kikaitwa Jambo OpenOffice. Mradi wenyewe ulijulikana kwa jina la Kilinux. Mwaka uo huo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa Kiswahili. Matangazo hayo mawili yalifanana kwa sura, na magazeti yaliyaandika kwa furaha moja, lakini asili zake zilikuwa mbalimbali. Katika lile la kampuni, kuwapo kwa Kiswahili kulitegemea hesabu ya mwenye mali: akiona soko lafaa, atatafsiri, akiona halifai, ataacha. Katika lile la Dar es Salaam hakuna aliyeombwa ruhusa wala aliyehitajika kushawishiwa kwamba Waswahili ni wateja wa kutosha. Maneno yote ya programu, yaani majina ya amri, maonyo na maelezo, yalikuwa yamewekwa wazi kwa ajili ya mtu yeyote kuyageuza katika lugha yake.

Kazi hiyo ya kugeuza ni ya istilahi, nayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na asiyewahi kuifanya. Mfasiri wa kitabu akikutana na neno gumu huweza kulizungusha kwa maelezo. Mfasiri wa programu ana nafasi ya kitufe kimoja. Hawezi kuandika "rudisha nyuma jambo ulilolitenda sasa hivi". Ndipo twakuta katika programu kadhaa za Kiswahili neno *tendua*, lililojengwa juu ya *tenda* kwa kiambishi kile kile cha kinyume kilicho katika *fungua* na *tatua*. Halikuwa neno la kawaida hapo kwanza, na leo kijana aliyezoea simu halioni geni. *Pakua*, lililokuwa la chakula na la shehena, sasa ni la faili. *Kivinjari* kimetoka kwa vinjari, neno la chombo kizungukacho baharini. Lakini *slaidi* limebaki mkopo, na sioni haja ya kuliondoa. Limekwisha pata ngeli yake, na watu husema slaidi hii na slaidi hizi pasipo kusita.

Palipo na ugumu ni pale ambapo nchi zetu hazikukubaliana. Tanzania husema kompyuta, vitabu vya shule vya Kenya huandika tarakilishi, na wapo waliopendelea ngamizi. Programu inayouzwa hutoka na chaguo moja, lile alilolipitisha mwenye kuuza. Katika programu huria chaguo hilo si la mwisho. Kila toleo jipya huja na maneno mapya mamia kwa mamia, na tafsiri isiyopata watunzaji hubaki nyuma, skrini ikawa nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. LibreOffice hutafsiriwa na watu wanaojitolea, mmoja mmoja, neno kwa neno, na orodha ya maneno yanayongoja iko wazi kwa mwanafunzi yeyote wa isimu mwenye kompyuta na jioni moja ya nafasi.